Tulimfunga mama mkwe kamba asigongwe na malori Bungu. Mikono yake ndiyo iliyotuonyesha namna ya kumfungua

Wakuu, wenye umri wangu na kuzidi, shikamooni. Wadogo zangu, natumaini mmeamka salama huko mliko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya tu, miaka mingi. Juzi nimepita kwenye uzi wa kijana mmoja anauliza: mzee wake amepoteza kumbukumbu na anatoka nyumbani hovyo, je, amfunge au amfungie ndani? Majibu yalikuwa mengi, mengine matusi matupu. Nikaanza kumwandikia, jibu likawa refu kama mkeka, nikaona bora liwe na uzi wake.

Ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha. Mengine yako vilevile, isipokuwa pale kumbukumbu inapoingia ukungu, na hapo nitawaambia.

Twende taratibu, sina haraka leo.

Ilikuwa ile miaka soko huria limeanza kukolea. Wakongwe mnaikumbuka. Sabuni zimerudi madukani, zina rangi na harufu mpaka unatamani kuzila. Mitumba inamwagwa kwenye minada. Mabasi ya watu binafsi yanakimbizana, na kila mwenye lori anajiona barabara ni ya babu yake.

Mimi nilikuwa nimeolewa Bungu, Barabara ya Kilwa, kabla hujafika Kibiti. Mume wangu, tumwite Seif, alikuwa amefungua duka mbele ya nyumba. Abiria wakishuka tu kunyoosha miguu wanakutana na sisi. Soda, biskuti, betri za redio. Nyumba kuwa barabarani ilikuwa sifa kubwa wakati ule, na mimi nilijidai nayo sana.

Mama yake Seif alikuwa mtu wa Salale, kule delta, katikati ya mikoko. Baba mkwe alipofariki, Seif akaenda kumchukua mama yake aje kuishi nasi. Kwetu pwani mama wa mume tunamwita mavyaa. Huyu wangu nitamwita Bi Mwanaidi.

Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, ana sauti ya chini ambayo unasogea uisikie.

Kumbukumbu zake zilikuwa zimeshaanza kuchanganyika. Mimi aliniita Mize, jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Baadaye nikawa naitika tu. Na kuwa Mize kulikuwa na raha zake wakuu, maana niliambiwa siri za wanaume wa Salale ambao wengi wao walishazikwa.

Alikuwa akizungumza, unaiona ile nchi yake. Tumekaa zetu jikoni, jua kali, vumbi la Bungu limejaa mpaka kwenye nyusi, mara anasema, "Mize, maji yanajaa, nyanyua jamvi." Nami nilijikuta nanyanyua jamvi. Kuna siku nilitazama sakafu kabisa, nikaapa nimeona ikimeremeta.

Basi, shida ilikuwa moja. Alikuwa anatoka.

Asubuhi jua likichomoza anatoka. Mchana katikati katulia kabisa, anakula, anasali, analala. Alasiri jua likilegea, anainuka tena na kushika njia. Na njia yake ilikuwa moja tu, mbele ya nyumba, kuvuka barabara, kuelekea upande wa pili kwenye nyasi.

Siku moja lori la mbao lilifunga breki mbele yake mpaka vumbi likatufunika sote. Vumbi lilipotulia tukamwona kasimama palepale, mkono kauweka juu ya macho, anatazama kwa mbali juu ya nyasi kana kwamba lori halipo. Dereva alishuka ana hasira, akamtazama, akarudi kwenye lori lake.

Seif alikaa chini kwenye baraza. Duka aliliacha wazi hadi usiku, hauzi wala hafungi.

Habari zikafika Kiongoroni, kijiji kingine cha delta, kwa wifi yangu, dada mkubwa wa Seif. Nitamwita Wifi Tatu. Wakuu, wifi huyu alikuwa na mdomo, msinione mbaya. Alikuja na mashua ya kwanza aliyoipata, akamkagua mama yake kichwani hadi kidoleni, kisha akatugeukia.

"Mwamwachia mama barabarani kama kuku? Mie nataka nije nimzike mama yangu mzima, si vipande. Afungwe."

Seif akasema, "Dada, mama afungwe?"

"Kwa kanga. Kanga haiumi."

Tukaanza na kanga, kwenye nguzo ya ukumbi wa uani, kiunoni. Akaifungua kwa upole, akaikunja, akajitwika kichwani, akatoka nayo. Tukahamia kwenye kamba ya katani, mkono mmoja, fundo la mtu wa mashua ambalo Wifi Tatu alilijua. Hilo hakulifungua.

Ila alivuta.

Asubuhi na alasiri, zile saa zake, alivuta ile kamba. Anavuta, anaachia, anasikiliza. Anavuta tena. Sisi tukaona anataka kujinasua. Tukaifupisha. Akazidi kuvuta, na sasa anahangaika, anageuza shingo huku na huku, mara anapiga kelele ya "Hooo!" ambayo ilimtoa mtu machozi. Kifundo cha mkono kikachubuka, kikaanza kidonda. Tukahamishia mkono mwingine. Na wenyewe ukachubuka.

(Mdau mmoja atauliza mbona hatukujenga uzio. Tulijenga, wa makuti. Aliupangua kuti moja moja kwa adabu zote, akayalaza chini safi kama anataka kuezeka. Tuendelee.)

Kile kidonda ndicho kilichotupeleka kituo cha afya. Pale alikuwa anakuja mama mmoja mtaalamu, si mtu wa pwani, anapita siku maalumu kuwaona waliopooza, waliovunjika, na wazee. Kazi yake yenyewe inaitwa tiba ya vitendo, yaani anamrudisha mtu kwenye maisha kwa kumpa shughuli za mikono na mwili. Sisi tulimwita Dokta tu. Humu nitamwita Mama Ndosi.

Aliushika mkono wa mavyaa wangu, akautazama, akajua hapohapo. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijiandaa kutukanwa.

Hakututukana. Alimwangalia Seif akasema, "Baba, barabara yenu naijua, napita kila mara. Siwaambii mfungue leo. Nawaambia tuanze kuipunguzia kamba kazi. Tumpe kingine cha kushika."

Akaja nyumbani. Akaleta mpira laini wa kuminya. Mavyaa akaunusa, akanipa, "Mpe mtoto." Akaleta nguo za kukunja. Alizikunja vizuri sana, zote, kisha akaniuliza kama nguo hizi zina wenyewe. Akamletea kuchambua mchele kwenye ungo. Hapo alikaa kitambo kirefu kidogo, tukafurahi, mpaka alasiri ilipofika, akauweka ungo chini na kuanza kuvuta kamba.

Mama Ndosi alisema wazee wengi wenye hali hii huchafuka jua likishuka, ubongo unakuwa umechoka. Kwa alasiri niliona sawa. Lakini asubuhi je, mtu ndiyo kwanza kaamka? Alikiri hajui. Akauliza, "Kwani anataka kwenda wapi?"

Sote tulijibu pamoja. "Kwao."

Hilo halikuwa na ubishi. Mtu wa maji kaletwa kwenye vumbi, atataka nini kingine?

Wakati huo Wifi Tatu alishakata shauri. Alituma salamu kwamba kwake Kiongoroni kuna chumba kimeshasakafiwa, mlango mzuri, komeo kwa nje. Idi kubwa ikishapita anakuja kumchukua mama. "Ndani hakuna lori," alisema, "na hakuna kamba. Atalala, atakula, nitamwogesha mwenyewe."

Nataka mnielewe, wifi hakuwa katili. Alikuwa anaogopa. Lakini mimi nilikifikiria kile chumba, nikamfikiria mwanamke aliyezoea anga lote lile anakaa kutazama mlango. Niliona akiingia mle hatoki tena. Seif naye aliona hivyo ila hakuwa na uso wa kumpinga dada yake, maana mikono ya mama ilipata vidonda kwetu sisi.

Tukakubaliana jambo moja kabla ya Idi. Tumpeleke Salale, nyumbani kwake hasa. Akitulia kule, abaki na jamaa zake, asifungwe wala asifungiwe. Wifi Tatu akasema sawa, atatukuta hukohuko. Asipotulia, anapitiliza naye Kiongoroni.

Safari yenyewe hadi leo sijui ni kumbukumbu au niliota.

Tulishuka Nyamisati, tukapanda boti ya mashine pamoja na wanunuzi wa samaki na masanduku yao ya barafu. Maji yalikuwa yamejaa. Mkishaingia kwenye vijito vya delta, mikoko inawafunga pande zote, mizizi imesimama ndani ya maji, na sauti ya mashine inawarudia kutoka kila upande mpaka hujui mnakwenda au mnarudi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado. Barafu kwenye masanduku inatoa moshi, ukungu nao unatoka majini, ikawa kama tumo ndani ya pumzi ya mtu.

Mavyaa wangu alikaa mbele. Hatukumfunga. Mkono wake ulikuwa ndani ya maji, anauacha uvutwe. Aliniambia, "Mize, Salale haiko mbali." Nikajibu, "Haiko mbali, mama." Akacheka, "Unaniita mama, nawe mkubwa wangu?"

Nikajua tumefanikiwa. Wallahi nilijua.

Tukafika. Nyumba yake ipo, imesimama, jamaa wameifagia. Akatembea nasi mpaka mlangoni, akasimama nje, akapiga hodi.

Kwenye nyumba yake mwenyewe, wakuu. Akapiga hodi, akasubiri akaribishwe. Alipoingia alikaa pembeni ya kitanda kama mgeni, akasifu nyumba, akauliza kwa heshima, "Hapa kwa nani?"

Seif alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amejishika kichwa anatazama maji. Mimi nililia palepale bila kujificha.

Wifi Tatu alikuwa ameshafika. Alikaa karibu na mama yake, akamfunga ushungi vizuri, akawa anampapasa mgongo.

Alasiri ikafika, na mavyaa akainuka.

Salale hakuna barabara, lakini kuna maji kila upande, na yana kina. Wifi akatoa kamba. Ileile ya katani tuliyokuja nayo kutoka Bungu, nilikuwa nimeitia kwenye kikapu. Akaifunga mkononi, juu ya kitambaa cha kidonda, na ncha nyingine kwenye nguzo ya baraza. Akasema polepole, si kwa ukali, "Kesho twondoka na maji ya asubuhi."

Nikakaa mbele ya mavyaa. Sikuwa na la kufanya, nikawa naitazama tu ile mikono.

Avute, aachie, asikilize.

Sasa, ilikuwa msimu mpunga umetoa masuke. Watu wengi walikuwa mashambani wanaamia ndege. Kwa msiojua, mpunga ukishatunga maziwa, kwelea wanashuka kwa makundi, na mkizubaa mnavuna makapi. Kwa hiyo mtu anakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kirefu katikati ya shamba, na kutoka pale zinatandazwa kamba mpaka pembeni, zimetundikwa madebe na makopo yenye mawe. Ndege wakitua, unavuta kamba. Kelele zinalipuka kule waliko, wanaruka. Mimi mambo haya niliyajulia hukohuko, kwetu hatukulima mpunga.

Nikiwa nimekaa pale nikasikia debe kwa mbali. Gong'o-gong'o-gong'o. Kimya. Kisha sauti ya mtu, "Hooo!"

Mavyaa wangu akaacha kuhangaika. Akainua kichwa.

Debe likalia tena, na mkono wake ukavuta. Sawasawa kabisa. Alivuta kwa kipimo kilekile, akaachia, akasikiliza.

Nikamwita Seif na wifi, nikawaambia tazameni mikono, msitazame uso, tazameni mikono.

Tukakaa watatu tunatazama. Debe lilie, mkono uvute.

Wifi Tatu ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama aamia ndege."

Ndipo lote likanifunguka. Asubuhi na alasiri ndizo saa za ndege, mchana wa jua kali ndege wametulia mitini. Mtu huyu hakuwa anataka kwenda kwao. Alikuwa na shamba lake la zamani la mpunga kichwani limeiva, na hakuna aliyepo dunguni. Ndiyo maana alivuka barabara kwenda kwenye nyasi. Sisi tukamkamata, tukampa kamba mkononi. Akavuta, kamba haikulia. Kamba ya shambani isipolia maana yake debe limedondoka, na mwamiaji lazima ateremke aifuate kamba hadi mwisho aone kulikoni. Kila alipovuta na kukutana na kimya chetu, ndege wanamlia mpunga wa watoto wake.

Na watoto wenyewe ndio hao, wamesimama wanamtazama.

Wifi alilifungua lile fundo kwa meno. Tukamshika mama mkono huku na huku, tukalifuata debe.

Njia ilikuwa tope, mpunga umetufika kiunoni, jua limelala juu ya masuke hata shamba lote likawa na rangi ya asali. Juu ya dungu alikuwepo binamu yao, mtu mzima, alipotuona akashangaa. Seif akamweleza kwa maneno machache. Binamu akateremka, akaivuta kamba moja ifike chini, akamwekea mavyaa mkononi.

Akaikunja kiganjani mara moja. Akangoja. Mimi sikuona ndege wowote.

Akavuta. Pembeni kabisa ya shamba debe likalipuka, na wingu la ndege likapanda kutoka mahali ambapo sisi wote tulikuwa tumepatazama tukaona patupu.

"Hooo!" akaita. Na sauti ile iliyokuwa ikitutoa machozi Bungu, pale ilikuwa ni sauti ya mtu yuko kazini.

Akakaa chini kwenye kituta, miguu kainyoosha. Hakwenda popote. Tulimwacha mpaka ndege walipokwenda kulala, na yeye mwenyewe akasema, "Haya, wameondoka," akainuka kurudi nyumbani, akala wali wake wote.

Wifi hakuondoka na maji ya asubuhi. Lakini hakulegea kabisa pia, mnamjua. Alisema, "Bungu hakuna mpunga. Mtamwamisha nini, malori? Nawapa mpaka Idi ipite kama tulivyosema."

Turudi Bungu.

Nilimsimulia Mama Ndosi hata sijavua viatu. Alicheka, akapiga magoti yake kwa mikono, akasema, "Nimemhangaisha mwanamke wa watu na mpira!" Kisha akawa makini. Akasema kazi yake ndiyo hiyo, kutafuta kile ambacho mwili haujasahau, na sasa tumekipata, tukijenge kiweze kukaa mahali penye usalama.

Uani nyuma ya nyumba, mbali na barabara, Seif akasimamisha dungu. Fupi, la kimo cha kiti, asije akaanguka, na upande mmoja egemeo. Mbele yake tukatandika majamvi, tukaanika mpunga ambao Seif aliununua Kibiti. Kuku wa jirani hawahitaji mwaliko, na shomoro nao wakajua siku hiyohiyo.

Kamba tulitumia ileile. Si kwamba tulikuwa na maana fulani, ndiyo iliyokuwepo. Seif alitundika makopo ya soda, yale mepesi ya kutoka nje yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaingia madukani, ayaone mazuri na yanang'aa.

Mavyaa akavuta. Tiki-tiki-tiki.

Akaitazama kamba kwa dharau. "Hiyo yamtisha nani?"

Kuku kweli hakushtuka hata mmoja. Tukayatoa, Seif akamimina mafuta ya taa ya dukani kwenye chombo kingine ili tupate debe la bati lenyewe. Tukatia mawe, tukatundika. Mama Ndosi alikuwepo siku hiyo. Alasiri ile hatukumfunga, njia ya kutoka uani iko wazi, malori yanapita, na mimi nimesimama kati yake na barabara.

Alikaa. Akavuta. Debe likapiga kelele mpaka mteja dukani akaruka, kuku wakatawanyika na mmoja akaingia jikoni kwangu.

Mavyaa akafurahi, yaani uso ulifunguka. Akaniambia, "Mize, kaa. Weye tazama upande ule."

Nikakaa, nikatazama upande ule.

Wakuu sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa muujiza. Zipo siku alikataa. Siku za mvua hakuna mpunga wa kuanika, basi tulimpa masuke ya mtama apukute, au tukakaa naye kumwimbisha zile nyimbo za shambani mpaka saa zake zipite. Mara mbili tatu alinyanyuka tukamkuta mbele ya duka. Mama Ndosi alitufundisha tusimvute kwa nguvu, tumwambie tu, "Ndege wako huku," anageuka mwenyewe. Mtu mmoja lazima awe karibu nyakati zile, na huyo mtu mara nyingi nilikuwa mimi. Nilichoka, ndiyo. Lakini kamba haikurudi mkononi mwake, na vidonda vikakauka.

Idi kubwa ikapita. Wifi Tatu akashuka kwenye basi na begi jipya la nguo za mama, yuko tayari. Hakupita mbele, alizunguka uani moja kwa moja, nadhani alitaka kutukuta na makosa.

Akamkuta mama yake juu ya dungu, kamba mkononi. Mikono yote miwili safi.

Akasimama pale kwenye kona ya nyumba, begi linaning'inia. Na kundi la shomoro likashuka upande wa jamvi alikosimama.

Mavyaa akamwona. Sijui alimwona nani, labda binti wa miaka kumi, labda jirani. Akamfokea: "We mtoto, wasimama na ndege waula mpunga! Fukuza!"

Na Wifi Tatu, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote niliowahi kuwajua, akatupa begi chini, akakimbia kuzunguka jamvi huku anapunga kanga, "Hooo! Hooo!", machozi yanamtiririka.

Alikaa nasi mpaka mwezi ukaandama. Begi lilifunguliwa na nguo zikapangwa kwenye sanduku la chumba cha mama, hapohapo Bungu. Kile chumba cha Kiongoroni nasikia kiliwekwa nyavu.

Namalizia.

Mimi nilizoea kufanya kazi zangu huku nasikiliza debe. Likilia najua yupo. Siku moja, mawingu ya vuli yamekusanyika, Seif na jirani wakawahi kuukusanya mpunga na kuuingiza ndani, mimi nikiwa naanua nguo. Baadaye kidogo nikashtuka. Debe halilii.

Nilikimbia. Picha iliyonijia ilikuwa ya lile lori la mbao.

Nilimkuta palepale dunguni. Amekaa, anatazama jamvi tupu, matone ya kwanza yanaanza kuanguka. Kamba ameizungusha vizuri, duara juu ya duara, imekaa mapajani. Akanipa.

"Mama, mbona umeacha?"

"Mpunga umeshaingia, Mize," akasema. "Kamba ya nini tena?"

Nikamshika mkono tukaingia ndani. Pale kwenye kifundo kovu lilikuwa limebaki jembamba, ukipitisha kidole unalisikia. Nililisikia njia nzima.

Alifariki msimu uliofuata, kitandani, wifi akiwa upande huu na mimi upande ule. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika mkono wake mmoja.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, na wengine mnaopita kimya kama mimi: hatari ya barabara ni ya kweli, sikulaumu kwa kuogopa. Tafuta wataalamu wa tiba ya vitendo, siku hizi wapo hospitali nyingi. Ila kabla hujashika kamba, kaa mbele ya mzee wako zile saa zake mbaya, utazame mikono yake inafanya nini. Huenda kuna kazi hajaimaliza.

Mzee wako yeye alikuwa anafanya nini na mikono yake alipokuwa na nguvu? Niandikieni hapo chini. Nitawasoma wote, na nikichelewa kujibu mjue niko uani.